Mafuta ya Kupanda Newala

Nilipokuwa dereva wa kuajiriwa, kodi haikunisumbua. Tajiri aliikata kwenye mshahara kabla sijaugusa, nami nilimlaani yeye na serikali kwa pamoja, bila upendeleo. Siku moja nilimuuliza kama buti zangu, tochi yangu na chai ninayokunywa njiani nisisinzie haviwezi kupunguza kile kinachokatwa. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema gharama ni za mwenye gari. Dereva wa mshahara ana matumizi yake tu. Sikuona tofauti, lakini gari lilikuwa lake.

Kwa hiyo nilipokopa benki na kununua Fuso langu mwenyewe, kilichonifurahisha kwanza si gari, ni gharama. Dizeli ikawa gharama. Tairi, gharama. Hata fundi wa springi aliyenitukana pale Masasi nilimdai risiti. Akanitukana tena, ila aliitoa.

Kazi yangu ni kubeba korosho kutoka maghala ya Newala, kuzishusha Masasi, na kurudi kupakia nyingine. Msimu ulipoisha nikapeleka risiti zangu ofisi ya kodi ya Masasi, zikiwa kwenye mfuko wa rambo. Nilikuwa na hofu moja tu. Tairi za nyuma zilikuwa zimekwisha, na pesa ya tairi mpya ndiyo hiyohiyo ambayo kodi ingeweza kuimeza. Bila tairi nzuri hakuna atakayenipa korosho zake msimu ujao, na bila korosho benki italichukua gari.

Aliyenipokea alikuwa dada mdogo, umri wa binti yangu mkubwa, mwenye adabu zake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Akapitia risiti zangu kwa utulivu. Kila yenye namba ya gari langu aliikubali, nami nikaanza kumpenda. Kisha akafika kwenye mafuta.

"Baba, ukishuka na mzigo unatumia mafuta kidogo. Ukirudi mtupu unatumia mengi. Imekaaje hii?"

Ningejibu kwamba Newala iko juu na Masasi iko chini, ningekwenda zangu nyumbani. Lakini mimi nikiulizwa jambo ninalolijua huwa sijizuii.

"Sirudi mtupu, dada. Narudi na mapipa ya maji."

Mtu wa Newala angeitikia kwa kichwa na kuendelea na kazi. Kwetu kule juu maji ni ya shida, na gari likipanda kutoka Masasi bila maji, watu wanaulizana dereva kagombana na nani. Dada huyu alikuwa amehamishiwa Masasi kutoka mahali penye ziwa.

"Maji ya nani?"

"Ya mama yangu."

"Anakulipa?"

"Nani, mama?"

"Ndiyo, baba. Kama analipa, hayo ni mapato, tunayaandika, na mafuta yanabaki gharama ya kazi. Kama halipi, hiyo ni shughuli ya nyumbani. Inabidi niyatoe kwenye gharama."

Nikamwambia gari lingepanda vilevile hata bila maji, maana korosho haziji Masasi kwa miguu. Akakubali. Akasema yuko tayari kuniachia mafuta ambayo gari tupu lingetumia. Ni kiasi gani? Sikujua. Gari langu halijawahi kupanda tupu. Akanipa siku chache za kufikiri, nikatoka nimekasirika, hasa na mdomo wangu.

Nikajaza mapipa kama kawaida, nikapanda hadi Newala kwa mama. Anaishi peke yake. Majirani huja na ndoo zao, naye huwagawia, na kila anayechota huambiwa, awe ameuliza au hajauliza, kwamba maji haya kaleta mwanawe. Ndicho kitu anachojivunia. Hana kingine, na hiki anakitumia kila siku.

Nilimwamkia, nikaketi, nikamweleza. Nilieleza vibaya. Nilianza na tairi, nikaingia kwenye mapato, nikapitia benki, na mwisho nikasema, "Kwa hiyo, mama, wakikuuliza, sema huwa unanilipa. Kidogo tu."

Jirani aliyekuwa anachota akaacha kuchota.

"Kumbe," mama akasema.

"Si kulipa kweli, mama. Ni kusema tu."

"Nimeelewa, mwanangu. Gari linakula. Ungeniambia mapema."

Nikaapa kwamba sivyo. Kila nilichoongeza kikazidi kuharibu. Akanipakulia ugali na kisamvu, akaniuliza habari za watoto, na habari ya maji hakuigusa tena. Niliona haya, nikala upesi nikaaga.

Kesho yake nikarudi ofisini nikamwambia yule dada ayatoe mafuta yote ya kupanda. Maji ni ya mama, na mama halipi.

"Una uhakika, baba?"

"Halipi!" nikasema, kwa sauti iliyowafanya watu wa kwenye foleni wageuke. Akapiga hesabu zake. Pesa ya tairi ikaenda yote, nami nikanunua tairi kuukuu kwa mtu ambaye hata ukimpa kalamu hakuandikii risiti.

Safari iliyofuata nilishusha mihogo mikavu Masasi, nikapanda na mapipa yamejaa pomoni. Majirani walikuwa wamesimama nje kwa mama na ndoo zao, lakini hakuna aliyesogea. Alikuwa amewaambia wasubiri kwanza. Sijazima injini, yeye akaja hadi kwenye mlango wa gari, huku anahangaika kufungua fundo la pindo la kanga yake.

"Leo pipa shilingi ngapi, mwanangu?"