Tochi Tatu na Wavu wa Mama Jirani

Ule mpira mdogo mweusi, wa duara kama pete, mwembamba kama uzi wa kiatu, niliudhani ni wa kufungia kifurushi. Naungama mapema ili nisikusumbue njiani. Niliutoa kwenye shingo ya tochi, nikauvuta mara mbili nione kama una nguvu, nikafungia mfuko wa chumvi jikoni. Kisha nikatia pile, yaani betri, nikakaza kifuniko kwa nguvu zote za mwanaume aliyemaliza sekondari, nikampa mama jirani tochi yake.

“Iko tayari,” nikamwambia. “Hata mwaka muzima inaweza kukaa mu maji.”

Ilikaa muda wa pumzi moja.

Ilikuwa tochi ya kuzamia, ya aina ya bei nafuu, ambayo mama jirani alimtuma mke wangu amnunulie Goma. Mdogo wake mama huyo, mwanaume wa mabega mapana anayezama ziwani bila chombo chochote isipokuwa pumzi yake, alishuka nayo hadi kwenye mawe. Akaona mwanga unageuka rangi ya chai, halafu giza. Alipopanda juu aliigeuza kichwa chini, maji yakamiminika kama kwenye birika.

“Papa,” akaniuliza, “ulikuwa unatupikia chai?”

Nilicheka pamoja nao, lakini jambo lenyewe halikuwa la kucheka. Hapa Bweremana sambaza, samaki wetu wadogo kama dagaa, huvuliwa gizani, kwa taa, na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu. Mwezi ukiwa mkubwa samaki hawaifuati taa, basi wavuvi wanakaa nchi kavu, wanashona nyavu, wanalala, wanagombana na wake zao. Mwezi ukianza kuchelewa kutoka, wanarudi kazini. Mama jirani ni mjane. Ana mitumbwi yake mitatu aliyoachiwa na mumewe, ana wavuvi sita, na ana wavu mmoja tu. Katika uvuvi wa mwisho kabla ya mapumziko, upepo uliusukuma wavu ule ukanasa kwenye mawe, chini, kwenye kina cha watu wanne waliosimama mabegani mwa wenzao. Wavuvi walikata kamba ili mitumbwi isipinduke.

Kama wavu usingetoka kabla ya kazi kuanza tena, wale sita wangeingia kwenye mitumbwi ya wengine. Wasingefanya hivyo kwa ubaya. Watoto wao nao wanakula. Lakini mvuvi akishazoea kupiga kasia kwa wimbo wa mtumbwi mwingine, kumrudisha ni kazi. Na hata mchana, chini ya mawe yale ni giza. Bila tochi mzamaji anapapasa tu. Zilikuwa zimebaki siku sita, na moja ya siku hizo nilikuwa nimeshaizamisha mimi.

Unaweza kuuliza mtu kama mimi anatafuta nini katika mambo ya ziwa. Hata mimi najiuliza. Nimezaliwa Kibabi, milimani, ambako maji ni kitu cha kuruka ukiwa unaenda shambani. Nilishuka huku kwa sababu mke wangu ni wa huku, na tangu hapo ziwa linanijua hadi magotini. Yeye ndiye mwenye miguu katika nyumba yetu: leo yuko Minova, kesho Goma, na maharagwe yake na jibini yake ya Masisi. Mimi ninalinda nyumba. Nyumba haijawahi kukimbia, kwa hiyo naona kazi ninaifanya vizuri.

Kwa vile aliyeiua tochi ya kwanza ni mimi, jogoo wangu alikamatwa asubuhi iliyofuata akaenda Minova kichwa chini, kulipia nyingine. Mchana mke wangu akarudi bila jogoo, ana tochi tatu. Mwenye duka wa huko anamwamini. Alimwambia tuchague moja, mbili tumrudishie zikiwa kavu. “Muzijaribu mu maji,” alisema yule mwenye duka. “Kama tochi ya maji inaogopa maji, afazali nijue mbele.”

“Nitachagua mimi,” nikasema.

Mke wangu aliniangalia. “Weye?”

“Mimi. Safari hii kwa utaratibu.”

Akaenda kusonga bugali. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake.

Utaratibu wangu ulikuwa hivi. Nilifunga madirisha ya chumba, nikaziba nyufa zote kwa vikwembe vya kujifunga vya mke wangu. Nikaingiza pipa la plastiki, nikalijaza bidoni kwa bidoni, dumu kwa dumu, maji ya mvua, maji safi ambayo hata mgeni ungempa anywe. Chini kabisa nikazamisha kifuniko cha mkebe wa maziwa chenye maandishi madogo, nikakigandamiza kwa jiwe. Tochi itakayonisomea maandishi yale vizuri zaidi ndiyo itakayokuwa bingwa. Nikachukua kaye, daftari langu, nikapiga mistari kwa rula: mwangaza, umbo, kidude cha kuwashia, uzito. Na kabla ya yote nikahakikisha kila tochi ina mpira wake wa kuzuia maji shingoni, nikausafisha kwa kitambaa, polepole, kama mtu anayesafisha sikio la mtoto mchanga.

Ya kwanza ilikuwa nene, nyeusi, kichwa kipana kama kikombe cha chai. Kwenye boksi lake waliandika nguvu ya mwangaza kwa sifuri nyingi. Tangu mtihani wa hesabu sikuwa nimeona sifuri nyingi hivyo mahali pamoja, na zile za mtihani zilikuwa zangu. Nilipoiwasha ndani ya pipa chumba kizima kiligeuka mchana. Kifuniko cha maziwa kilisomeka mpaka tarehe ya kuharibika. Nikaipa tisa kwa kumi. Moja niliipunguza ili isijivune.

Ya pili ilikuwa ya manjano, nzuri kama kitu cha harusi. Haikuwa na kitufe. Unazungusha pete iliyo kiunoni mwake, na sumaku iliyofichwa ndani ndiyo inayowasha, kwa hiyo hakuna tundu la kuingizia maji. Mtu aliyefikiria hivyo aliwahi kudanganywa na kitufe, nikampenda bila kumjua. Niliizungusha pete ile, washa, zima, washa, zima, mpaka pile zikaanza kuchoka. Nane.

Ya tatu, sijui niseme nini. Nyembamba kama kidole gumba, rangi ya majani ya maharagwe yaliyougua. Mwanga wake ulikuwa mshale tu: duara dogo katikati, pembeni giza tupu. Ili kusoma kifuniko kile ilinibidi kuipeleka neno kwa neno, kama mtoto wa darasa la kwanza. Kwenye kitako chake walikuwa wamezungushia mpira laini wenye mikunjo, pambo nililoliona la bure kabisa. Tano kwa kumi, na mbili kati ya hizo zilikuwa za huruma.

Mke wangu alichungulia mlangoni, akanikuta mkono uko ndani ya pipa hadi kwapani.

“Sasa unaziogesha?”

“Ninazilinganisha.”

“Mutoto wetu wa kwanza haukumuogesha hivi hata siku moja.”

Mtu wa utafiti hajibizani na umati. Nikarudia jaribio tochi zikiwa zimekaa majini asubuhi nzima, nikarudia zikiwa zimedondoshwa kutoka kitini, nikarudia kwa sababu, nikuambie kweli, nilikuwa na furaha. Siku zangu za nyumbani huwa zinafanana. Siku zile tatu hazikufanana na nyingine.

Lakini kila asubuhi mama jirani alikuwa anapita mlangoni, ndoo kichwani.

“Papa, imechaguliwa?”

“Inakaribia, Mama. Lazima tuwe na hakika.”

“Mwezi haingojee hakika yako. Jana imechelewa kutoka.”

Siku ya tatu hakutania. Alisimama tu, akaniambia kwamba mmoja wa wavuvi wake ameonekana anaongea na mwenye mitumbwi mwingine, wanacheka pamoja. Halafu akaenda zake. Niliangalia kaye yangu yenye mistari minyoofu, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba ni minyoofu kupita kiasi.

Asubuhi ya nne nilishuka ziwani, tochi tatu ndani ya kikapu, kaye kwapani. Mzamaji alikuwa anakula muhogo juu ya jiwe. Dada yake, mama jirani, alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma. Wavuvi walikuwepo pia, sita wote, hata yule wa kuchekacheka. Mvua ya siku hizo ilikuwa imeshusha udongo wa milimani, na kando ya mawe maji yalikuwa ya rangi ya kahawia. Ni udongo wetu sisi watu wa juu. Pengine lilikuwa shamba la marehemu baba yangu linapita mbele yangu.

Nilimpa tochi nyeusi kwa mikono miwili. Akazama. Alirudi haraka kuliko nilivyotarajia.

“Papa, hii iko na nguvu.”

Nikajitengeneza kola.

“Nguvu mingi sana. Nikiwasha, inanirudishia ule udongo mu macho. Naona mweupe tu. Hata mukono yangu siioni.”

Hapo nikaiachia kola, kwa sababu mimi ni mtoto wa ukungu. Mara ngapi nimekaa kwenye lori katika barabara ya Masisi, dereva akiwasha taa kubwa na mbele kukageuka ukuta wa maziwa, mpaka abiria wanapiga kelele apunguze! Jambo hilo ninalijua tangu utotoni. Na bado nilizijaribu tochi zangu katika maji ya kunywa.

Nikampa ya manjano. Safari hii alikaa zaidi, lakini alitoka anatikisa kichwa.

“Mukono moja inashika wavu, ingine iko na kisu. Ile pete nitaizungusha na nini, na pua?”

Wavuvi wakaangua kicheko. Yule wa kuchekacheka alicheka zaidi ya wote.

Mzamaji akachungulia mwenyewe ndani ya kikapu. Aliitoa ile ya rangi ya ugonjwa, akaigeuza, akaminya ule mpira wa kitakoni. Akaiwasha. Aliitia mdomoni, akauma pale penye mikunjo, taya zikafunga sawasawa kana kwamba walipima meno yake kule ilikotengenezwa. Akatuitikia kwa kichwa, akashuka.

Tulingoja. Mama jirani hakuangalia maji. Aliangalia vidole vya miguu yake. Mimi nilibana pumzi ili kumsaidia mzamaji, nikashindwa mapema sana.

Alipotokea aliitema tochi kiganjani. “Nimeuona. Umenasa fasi mbili tu, jiwe hii na jiwe ile. Mulete kamba.”

Alishuka tena, na tena. Nilihesabu hadi mara saba halafu nikasahau kuhesabu. Chini kule, alituambia baadaye, mshale ule mwembamba ulipenya udongo ukamwonyesha uzi mmoja mmoja, na hakuhitaji kuona zaidi ya uzi mmoja. Alifungua pa kufungua, akakata pa kukata, akafunga kamba. Wavuvi sita wakashika kamba, yule wa kuchekacheka akiwa mbele, wakaanza wimbo wao wa kupiga kasia ingawa walikuwa wamesimama nchi kavu. Nami nilishika mwisho wa kamba, mahali ambapo hata nisingekuwepo ingevutika vilevile.

Wavu ulitoka mzito, unanuka matope, una matundu mawili makubwa kama mlango. Mama jirani akapiga magoti, akaupitisha mikononi kipande kwa kipande kama anayetafuta kitu katika nywele za mtoto. Alipofika mwisho akakaa chini palepale kwenye kokoto.

“Kesho unashonwa,” akasema. “Kesho kutwa muko mu kazi.” Wavuvi wakaitika. Yule wa kuchekacheka alikuwa wa kwanza kwenda kutafuta sindano na uzi.

Niliona ni wakati mzuri wa kueleza. Nikafungua kaye, nikaanza kumfahamisha mama jirani kwamba kwa upande wa umbo tochi ya tatu nayo nilikuwa nimeipa alama fulani, na kwamba kwa jumla ukiangalia mistari yote minne, tofauti kati ya tano na tisa si kubwa kama inavyoonekana. Alinisikiliza mpaka mstari wa pili. Kisha akaniangalia, mikono yake ikiwa bado imejaa matope, akasema:

“Papa, siku tatu weye unasomea tochi, na mwenye kuzama iko hapa anakaa bure, anakula muhogo. Kumuuliza kungekuuma wapi?”