Mtumbwi Alioukaza Maduhu

Saa moja asubuhi. Maduhu Bujiku amesimama ziwani, maji yakimfika kiunoni, anachota maji kwa ndoo kutoka kwenye mtumbwi aliouzamisha mwenyewe wiki iliyopita. Anachota ndoo tano, anasimama, anakohoa. Anachota tatu, anakohoa tena. Wavuvi wa mwalo huu mdogo wilayani Chato wameacha kumcheka. Sasa wanampa pole tu.

"Leo ndiyo leo," anasema, bila furaha yoyote. "Ukivuja tena, narudi shimoni. Sina ujanja mwingine."

Ana miaka hamsini na mmoja. Alizaliwa Ngokolo, mjini Shinyanga, na miaka kumi na tisa ya maisha yake imeishia chini ya ardhi kule Rwamgasa, akichimba dhahabu ambayo, kwa maneno yake, "iliniona ikapita." Kazi yake ilikuwa kuweka matimba, yale magogo yanayozuia kuta za duara, yaani shimo la dhahabu, zisiwaangukie wachimbaji. Hakuna gogo lake hata moja lililowahi kuachia. Hilo hulisema ameinua kidevu, na ana haki.

Kilichoachia ni kifua. Mwaka jana daktari alimwambia vumbi la mawe limemjaa mapafuni, na kwamba akiendelea na duara, duara litamzika.

"Nikamwambia, Baba Asteria, chagua: duara au mimi," anasema mkewe, Paskalia, ambaye watoto wake watatu wameshakuwa na miji yao. "Akanijibu tutaishi majini. Nikasema basi, vumbi limepanda kichwani."

Wala hakuwa anatania. Kwa laki sita, akiba yao yote, alinunua mtumbwi wa tanga uliokuwa umelala mchangani miaka minne, mbao zimeachana, kuku wakitagia ndani. Alitaka wajenge kibanda cha turubai upande wa nyuma, walale humo, na wabebe mihogo kutoka nchi kavu kwenda visiwani kwa nguvu ya upepo. Ziwani hakuna vumbi.

Alishona tanga upya. Akabadilisha mataruma saba, yaani mbavu za mtumbwi. Kisha akaanza kuziba maungio ya mbao kwa pamba iliyochovywa mafuta, na hapo ndipo alipojiponza.

Aliishindilia ile pamba kama anayekaza matimba. Ilikuwa kiangazi, mbao zimekauka kau, na yeye anagonga nyundo mpaka wembe usipite. Shimoni ndivyo inavyotakiwa. Ukiacha nafasi, umeua mtu.

Eustace, fundi mitumbwi wa hapa mwaloni, Mzinza anayeweza kuwa mdogo wake wa mwisho, alimwonya.

"Nilimwambia, shikamoo kaka, lakini mtumbwi unauua. Mbao ikinywa maji inavimba, iachie nafasi. Akaniuliza kama nimewahi kulala chini ya mwamba. Nikarudi kwenye kazi yangu."

Wanaume kumi waliushusha majini. Siku ya pili mbao zilivimba, zikakosa pa kwenda, zikaanza kusukumana. Mataruma matatu yakakatika, misumari ikang'oka. Mtumbwi ukajaa maji Paskalia akiwa ameshapakia godoro. Masikini ya Mungu, godoro lenyewe lilikuwa jipya.

"Sikulia," anasema Maduhu. Mkewe anamtazama. "Haya, nililia kidogo."

Ikafuata miezi minne ya kuichokonoa ile pamba kwa ncha ya kisu na kuweka mataruma mengine, kikohozi kikimkatisha kila mara. Katikati ya taabu hiyo, Donatus, mwenye duara kule Rwamgasa, alimpigia simu: mtu wa matimba anahitajika, aje kabla ya mwezi kuisha. Maduhu hakukataa. Alisema atajibu.

Safari hii alimsikiliza Eustace. Akaweka pamba kwa mkono mwepesi, akaupakia mtumbwi mawe, akauzamisha penye kina kifupi ili mbao zinywe maji zenyewe, taratibu, siku saba.

"Kwa mtu wa matimba, kuacha nafasi ni kulala mlango wazi," anasema. "Lakini nimechoka kukaza."

Saa nne ndoo inaanza kukwaruza mbao. Maduhu anatoa mawe ya mwisho, anapangusa sakafu kwa tambara, kisha anakaa ukingoni, miguu majini. Eustace ameacha kazi yake, amekuja kusimama karibu. Wanangoja karibu saa nzima.

Paskalia anajifunga kanga kiunoni, anapanda bila kuitwa. Anapitisha kiganja kwenye maungio, moja baada ya jingine, kama anayempapasa mtoto mwenye homa. Anarudia tena kutoka mwanzo.

"Pana unyevu," anasema. "Ila hapavuji."

"Ng'hana?" Maduhu anauliza. Kisukuma kimemtoka chenyewe. Kweli?

"Kweli. Mpigie Donatus."

Anapiga palepale, miguu ingali majini. "Donatus, tafuta mtu mwingine," anasema. "Na mwambie akaze sana."

Kibanda kitaanza kujengwa wiki ijayo, na mihogo ya safari ya kwanza imeshaahidiwa. Godoro lile lilikauka, ingawa lina harufu. Akiulizwa anatarajia nini huko majini, Maduhu anakohoa kwanza, anafuta mdomo, anafikiri.

"Usiku mmoja mzima bila kuamshwa na kifua," anasema. "Mmoja tu. Nikiupata huo, nitaomba wa pili."