Kamba ya Mbuzi wa Nakiru

Mwanangu, kuna siku moja ya soko hapa Isiolo ambayo naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Mke wangu akinisikia atanuna, lakini ukweli ndio huo. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, mwembamba, mdomo mwingi, kazi sina. Nilikuwa nashinda soko la mifugo nikijifanya dalali. Dalali gani, na hata kumtambua mbuzi mzee kwa meno nilikuwa sijui! Nilikuwa nazurura tu nikingoja bahati inipitie karibu.

Siku hiyo alikuja mama mmoja Mturkana, mjane, jina lake Nakiru. Alikuwa ameteremka kwenye lori kutoka Oldonyiro na mbuzi mmoja tu wa kuuza, jike, mweupe, mwenye mimba. Jua lilikuwa kali na mama alikuwa na kiu. Akaniangalia usoni, akaona mtoto wa watu, akaniwekea kamba mkononi.

"Kijana, nishikie hii kamba. Nakunywa maji, nakuja."

Hakuniuliza jina wala ukoo. Alikwenda zake bila hata kugeuka nyuma. Nami, Mungu anisamehe, kabla hajafika penye maji nilikuwa nimeshamvuta yule mbuzi hadi upande wa pili wa soko na kumuuzia mtu aliyekuwa akipakia mifugo ya kwenda mbali. Pesa niliila kwa nyama na miraa pamoja na marafiki ambao leo siwezi kukuambia walienda wapi. Nikajinunulia na shati. Wanasema siku za mwizi ni arobaini, lakini zangu hazikufika hata nne. Nilikamatwa nikiwa ndani ya shati lile lile jipya.

Kortini sikutishwa na hakimu. Nilitishwa na yule mama. Alipoulizwa mbuzi wake aliibwaje, alijibu, "Hakunyang'anya. Ni mimi nilimpa kamba." Alisema kama mtu anayejilaumu mwenyewe. Mama yangu mzazi alikuwa ameketi nyuma, akajifunika uso kwa mtandio wake. Mchuma janga hula na wa kwao, na siku hiyo mama yangu alikula aibu ambayo hakuipanda.

Nikafungwa. Gereza lilikuwa mbali, upande wa milimani, mahali pa baridi na ukungu, na mimi ni Mborana wa jua. Walinipeleka kwenye karakana ya ushonaji. Ebu fikiria, mtoto wa wafugaji, aliyelelewa nyuma ya ng'ombe, anaketishwa kwenye cherehani ya kukanyaga! Wafungwa wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwezi wa kwanza nilishona kidole changu mara nyingi kuliko kitambaa.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo mambo yalipogeukia. Kwa kila siku ya kazi tulikuwa tunawekewa senti kidogo. Kidogo kweli, si mchezo. Nyingine uliweza kununulia sabuni au sigara pale kantini, nyingine iliwekwa uje upewe siku ya kutoka. Niliposikia malipo yangu ya mwezi wa kwanza, nilicheka kwa sauti. Nikanunua sigara, na mimi hata sikuwa mvutaji. Niliigawia karakana nzima ili kila mtu aone jinsi ninavyoidharau pesa ya serikali.

Aliyekuwa akitufunza kushona alikuwa askari mmoja Mmeru, mtu mzima, tukimwita Afande Mwiti. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alisimama kando ya cherehani yangu, akalipima pindo nililolishona, kisha akaniuliza taratibu.

"Guyo, unacheka nini?"

"Afande, hii ni pesa kweli? Hata mtoto ukimpa atakurudishia."

"Ile ya mbuzi ilikuwa kubwa?"

"Ilikuwa kubwa, afande."

"Na kuna mtu alikuwa anailia?"

Afande akalifumua lile pindo langu lote, uzi kwa uzi, akaniwekea kitambaa magotini. Akasema, "Hii kidogo ndiyo pesa ya kwanza umewahi kupata bila mtu kulia nyuma yake. Wewe unaichoma na sigara. Haya, shona tena."

Mwanangu, nimekemewa na watu wengi maishani. Baba alinichapa, mwalimu alinichapa, na hakuna kilichoingia. Maneno ya yule mzee yaliingia. Usiku na mchana nilikuwa namsikia Nakiru akisema, ni mimi nilimpa kamba. Basi nikaacha kantini. Sabuni niliomba vipande kwa wenzangu, sigara nikasahau. Haba na haba hujaza kibaba, ingawa kibaba changu kilikuwa kinajaa polepole sana na miaka ikawa inapita. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinamia ile cherehani mpaka mkono ukanyooka na pindo langu likawa halifumuliwi tena.

Siku ya kutoka nilipewa akiba yangu. Afande Mwiti akanisindikiza mpaka langoni, akaniambia neno moja tu, "Nenda moja kwa moja." Hakusema niende wapi, ila nilijua.

Nilirudi Isiolo kwa miguu na kwa hisani ya madereva. Sikupita nyumbani kwanza. Nilienda soko lile lile, nikasimama karibu na pale niliposhikishwa kamba, nikaanza kuuliza bei. Pesa ya miaka yote ile haikutosha mbuzi mkubwa. Ilitosha mtoto wa mbuzi, jike, aliyeachishwa kunyonya juzi juzi, masikio makubwa kuliko tumbo. Nilimnunua nikabaki sina kitu. Nauli sikuwa nayo, kwa hiyo nikamsaidia mwenye lori kupakua mizigo, naye akanibeba hadi Oldonyiro na kale kambuzi kangu kifuani.

Nilikuwa naogopa, sitakuficha. Mimi nilikuwa nimechukua mbuzi mzima mwenye mimba, na ukihesabu vizazi vyake, mama yule angekuwa na zizi. Halafu narudi na kitu cha kupulizwa na upepo! Nilijiambia akinifukuza ana haki, na wanawe wakinichapa wana haki. Lakini nikifukuzwa pale, basi mimi nitabaki mwizi wa mbuzi hadi kaburini, na cherehani yote ile itakuwa kazi bure.

Nilimkuta Nakiru nje ya nyumba yake, amezeeka, anachambua maharagwe. Alinitambua kabla sijafungua mdomo.

"Ni wewe."

"Ni mimi, mama."

Akamtazama yule mbuzi. "Hii nayo umeiba wapi?"

Nikamweleza. Nikamwambia nimeshona nguo za wafungwa miaka mitatu, nikalipwa senti, na senti zote ndizo hizo zimesimama kwa miguu minne mbele yake. Alimshika mbuzi, akamfungua mdomo, akamtazama kwato, akampapasa mgongo. Sikuweza kumsoma uso.

"Yangu ilikuwa kubwa," akasema.

"Najua, mama. Nitaleta ingine. Nitaendelea kuleta."

Aliinuka, akachukua mtungi wake wa plastiki, na alipofika karibu nami akaokota kamba ya kale kambuzi, akaniwekea mkononi.

"Nishikie kamba. Naenda kuchota maji."

Akaenda. Kama siku ile ya kwanza, hakugeuka nyuma.

Mwanangu, maji yalikuwa mbali. Jua lilinichoma nikiwa nimesimama. Kulikuwa na kivuli hatua chache tu kutoka nilipokuwa, lakini sikuthubutu kusogea, nisije nikaonekana kama mtu anayeondoka. Mkono ulinifa ganzi. Machozi yalinitoka nikashindwa kuyafuta, maana mkono mmoja ulikuwa na kamba na ule mwingine ulikuwa unaishikilia pia. Aliporudi na mtungi kichwani, alinikuta pale pale. Alinywesha mbuzi kwanza, kisha akanipa mimi maji. Halafu akaingia ndani akatoka na nguo za wajukuu wake, zote zimepasuka, akazitupa miguuni pangu.

"Si unasema unajua kushona?"

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu ya kwanza nje ya gereza. Nilishona kwa sindano ya mkono, nikalipwa maziwa. Wanawake wa pale wakaleta zao. Baadaye, Alhamdulillahi, nikapata cherehani kuukuu, nikafungua kibanda hapa Bulla Pesa, na hadi leo sare za shule za watoto wengi wa mtaa huu zinapita mikononi mwangu. Mbuzi mkubwa nilimpelekea Nakiru mwaka wa pili, na mwingine mwaka wa tatu. Alipofariki, wanawe waliniita niwe kati ya waliomchimbia kaburi. Mpaka sasa nikimtaja namshukuru, na Afande Mwiti namshukuru, popote alipo.

Nimekuambia haya yote kwa sababu ya juzi. Redio ilikuwa inazungumzia wafungwa kuongezewa malipo ya kazi, na mjukuu wangu Halake akacheka, "Babu, yaani wezi wakule bure, walale bure, na bado walipwe?" Vijana wenzake wakamuunga mkono. Hawakujua kibanda wanachokitumia kama kivuli kimetoka wapi. Nilizima cherehani nikawasimulia.

Basi nasaha yangu ni hii. Usidharau kidogo kilichotoka kwenye jasho lako, hata kama watu wanakicheka. Kula chako kidogo, ulale bila kumsikia mtu akilia. Na usimwonee wivu mfungwa kwa senti anazopewa. Yule hanunui starehe, ananunua njia ya kurudi kwa watu, na njia hiyo ni ndefu kuliko barabara ya Oldonyiro. Siku akitoka, usimfungie mlango ukamwambia wewe ni yule yule. Mpe kazi, hata ndogo. Mpe kitu cha kushika, kisha uende zako kuchota maji.

Mungu akubariki, mwanangu. Mikono yako asiinyime kazi, na kazi yako asiinyime baraka. Akuepushe na cha mtu. Na kama siku moja utaanguka, maana binadamu huanguka, akukutanishe na mtu atakayekuwekea kamba mkononi mara ya pili, asigeuke nyuma.