Simu ya Mama Niliyoijaribu Wiki Tatu

Simu ilifika Visiga ndani ya soksi. Rafiki wa mdogo wangu alikuja likizo kutoka Marekani, akaitoa kwenye begi ikiwa imeviringishwa kwenye soksi mbili nene, akanikabidhi mbele ya mume wangu kwa heshima ya mtu anayekabidhi mahari. Alikuwa na maneno mawili tu ya kuniambia. La kwanza, simu hii haijafungwa na kampuni yoyote ya kule, kwa hiyo itakubali laini ya Tanzania. La pili, yeye anaondoka baada ya wiki mbili. Ikigoma, nimrudishie kabla hajaondoka, ataipeleka dukani ilikonunuliwa wambadilishie.

Simu yenyewe haikuwa yangu, ilikuwa ya mama. Mama yetu anaishi Masaki, hii ya Kisarawe yenye mihogo na mikorosho, si ile ya Dar yenye mabalozi. Mdogo wangu ndiye kitinda mimba wake, na ana miaka kumi na moja tangu aondoke. Hajarudi hata kwa msiba. Sasa mama ana presha ya macho. Jicho la kushoto limeshazima, na la kulia daktari alisema linakwenda polepole, wala hawezi kusema litafika lini. Mama hakulia. Alisema tu, "Kabla halijazima na hili, nataka nimwone mwanangu." Mdogo wangu akasema mambo ya karatasi zake kule bado hayajakaa sawa, akipanda ndege kuja hatarudi tena. Ndipo akatuma simu, ili mama amwone kwenye kioo.

Mpaka hapo kila mtu alikuwa amefanya lake vizuri. Kisha nikaingia mimi.

Mimi ni mwalimu mstaafu, na sisi tuna ugonjwa mmoja ambao hospitali haziupokei: hatujui kusema hatujui. Lakini angalau nimesomea. Mume wangu hakusomea simu, wala hakuulizwa, na alikuwa wa kwanza kutoa hukumu. "Kama haijafungwa, tunajadili nini tena? Mlango usiofungwa si unaingia?"

Nikamwambia mlango kuwa wazi si kusema ndani kuna kiti cha kukalia. Sikujua nilikuwa nasema kweli kiasi gani. Nilikuwa nabishana tu, ndivyo tunavyoishi.

Akaja jirani. Huyu tangu apate kibarua bandari kavu ya Kwala amekuwa mtaalamu wa kila kitu kilichovuka bahari. Mtumba, friji, mafuta ya kupaka, yeye anatoa cheti. Akaigeuza simu mbele na nyuma, akaipima uzito kiganjani, kisha akainusa. Nakuapia, aliinusa. Akasema, "Hii orijino. Mizigo ya nje naijua mimi," akanywa chai yetu, akaondoka.

Kesho yake nikaenda Maili Moja kwenye duka la simu. Binti wa pale, kucha ndefu na subira fupi, akabonyeza nyota na reli, zikatokea tarakimu kumi na tano, akazituma kwa ujumbe kuuliza kama simu ni halali. Jibu likarudi kwamba ni halali. Akaweka laini ya kampuni ileile anayotumia mama, kwa sababu kule Masaki nyumbani kwa mama ndiyo pekee inayokamata. Vijiti vikapanda vyote. Tukampigia mdogo wangu simu ya video, akatokea, meno yote nje, amenenepa. Miaka kumi na moja, jamani.

"Itatumika wapi, mama?" binti akauliza.

"Kisarawe, kijijini."

"Basi usiridhike na hapa. Kutofungwa ni jambo moja, masafa ni jambo lingine. Hapa mjini mnara unarusha masafa ya aina tatu nne, simu inachagua aina inayoijua. Kijijini unaweza kukuta aina moja tu, na hizi za Marekani wakati mwingine hawakuziwekea hiyo. Ipeleke hukohuko, uijaribu wiki hii hii."

Hebu fikiria. Mtu mzima ninapewa ushauri mzuri, wa bure, kwa lugha nyepesi, na mtu anayejua kazi yake. Nikamjibu, "Mwanangu, nimefundisha sayansi kabla mama yako hajaolewa." Akanitazama, akairudisha simu kwenye soksi yake, akasema sawa mama.

Nikarudi Visiga kuijaribu.

Nilianza na kikao cha harusi. Niliiweka mezani kioo kikiwa juu, ikawa kila ikiwaka naitazama kwa kuchoka, kama mtu aliyezoea. Nikaijaribu saluni. Nikaijaribu kwenye mkutano wa mtaa, nikimrekodi mwenyekiti, mwenyekiti naye akarekebisha kola. Nikaijaribu msibani, Mungu anisamehe, nikapiga picha masufuria ya pilau. Mahali kote huko ilifanya kazi vizuri sana. Simu yangu ya zamani, ambayo kamera yake ilikufa tangu ilipotumbukia kwenye ndoo, nikampa binti yangu aliyeko chuoni. Nilijiambia kwamba mtu hawezi kujaribu simu mbili kwa wakati mmoja.

Na kila jioni, nikishamwagilia bamia, nilikuwa napiga simu ya video kwa mdogo wangu. Kwake ilikuwa saa za mapumziko kazini. Nikamwonyesha bamia, nikamwonyesha banda la kuku, nikamcheka kipara. Tulicheka mpaka mume wangu akaja kuchungulia. Kabla ya kukata, mdogo wangu alikuwa anauliza neno lilelile: "Dada, umeshampelekea mama?"

"Bado naijaribu. Vitu vya umeme havitaki haraka."

Mama naye alikuwa anapiga kila Ijumaa baada ya swala kwa kile kisimu chake cha tochi. Kinakaa kwenye kikopo kilichopigiliwa kwenye nguzo ya baraza, maana nyumba nzima mtandao unakamata vizuri pale tu. Mama hapeleki simu sikioni, anapeleka sikio kwenye simu.

"Mwanangu, ile simu imefika?"

"Imefika, mama. Iko kwenye majaribio."

Mama hakusoma, na anaiheshimu shule kuliko sisi tuliosoma. Akisikia neno kama majaribio hana swali. "Haya, ijaribuni vizuri," akasema. Ijumaa ya pili akasema hivyohivyo. Mume wangu, aliyekuwa ananisikia, akauliza, "Hivi hii simu mahafali yake lini?" Nikamwambia ashughulike na kahawa yake.

Rafiki wa mdogo wangu akanipigia siku moja kabla ya kuondoka. "Vipi dada, inakubali?" Nikamwambia inakubali mno. Akashukuru Mungu, akapanda ndege.

Wiki ya tatu haya zikanishika kidogo, au labda nilikuwa nimemaliza watu wa kuwaonyesha. Nikamwarifu mama, nikafunga safari. Kufika Kisarawe mjini nikachukua bodaboda, kijana mkimya mwenye koti la mvua juani. Simu yake aliifunga kwenye usukani kwa mpira, kioo kimepasuka pande zote, kimezibwa kwa gundi ya karatasi. Njia nzima nilimsimulia simu niliyobeba, ilikotoka, kamera zake ngapi. Kila nikimaliza aya alikuwa anasema, "Hongera, mama." Kufika nikamwambia asubiri anirudishe.

Mama alikuwa amesukwa. Amevaa doti mpya, amepaka na wanja, ameketi barazani na jirani zake watatu mkekani, kama bibi harusi wa miaka sabini na tisa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja naye?"

Nikasema nimekuja naye. Nikatoa simu, nikaiwasha, nikasubiri vijiti. Hakikupanda hata kimoja. Nikaizima, nikaiwasha. Nikatoa laini, nikaifuta kwenye kanga, nikairudisha. Kioo kikaandika hakuna huduma, kwa Kiswahili fasaha kabisa. Nikaipeleka nguzoni, nikaiweka kwenye kile kikopo kando ya kile kisimu cha tochi chenye vijiti vitatu. Hakuna kitu. Nikaenda nayo nyuma ya choo, nikaingia nayo kwenye mihogo, nikapanda juu ya kinu kilichopinduliwa. Mwalimu mkuu mstaafu, mkono mmoja juu, mwingine umeshika paa la jiko. Jirani mmoja akanong'ona kwamba labda inaogopa, ni mgeni.

Dereva wa bodaboda alikuwa ananiangalia muda wote. Mwishowe akasema kwa adabu, "Shuka mama, utaumia. Hiyo haitasoma hapa. Za nje zinagoma sana huku. Mnara wetu una masafa yake, simu kama haina hayo, hata upande mnazi."

Maneno yaleyale ya binti wa Maili Moja. Nikashuka kwenye kinu. Yule wa kuirudisha dukani alikuwa ameondoka siku sita nyuma, na mimi ndiye niliyemwambia inakubali mno. Nilitamani ardhi ya Masaki inimeze pale pale, mbele ya wale jirani watatu.

"Kwani mlikuwa mnataka nini hasa?" dereva akauliza. "Kumwona mtu? Si tumpigie kwa hii yangu?"

Akaifungua kwenye usukani. Simu ya kawaida, alisema aliinunua sokoni Kisarawe, mkono wa pili. Ilikuwa na mtandao tele. Kwa muda gani simu za namna ile zimekuwa zikipita mbele ya nyumba ya mama, mara kumi kwa siku? Hakuna aliyezifikiria, si mimi, si mdogo wangu. Tulikuwa tunangoja ya Marekani. Namba ya mdogo wangu nikaisoma kwenye ile ya Marekani, na hiyo ndiyo kazi pekee iliyofanya siku ile.

Alipokea mara ya tatu, kwa kuwa namba hakuijua. Kuona baraza, akaitambua. Nikamshikisha mama simu mikononi. Jirani wakasogea, dereva akawaomba warudi nyuma kidogo wasizibe mwanga.

"Mwanangu," mama akasema.

"Shikamoo, mama. Ni mimi."

"Sauti naijua. Kaa vizuri nikuone."

Akaisogeza karibu. Akaisogeza zaidi, mpaka pua ikagusa kile kioo kilichopasuka. Akaigeuzia jicho la kulia.

"Naona kichwa," akasema. "Macho siyaoni."

Nikadhani ni nyufa za kioo, nikaifuta kwa kanga yangu. Dereva akaongeza mwanga mpaka mwisho. Mama akajaribu tena. Akasema anaona weupe, na katikati kitu cheusi kinachochezacheza. Mdogo wangu akasema ndiyo yeye, anatikisa kichwa.

"Mwezi wa Ramadhani nilikuwa naziona namba za kalenda, pale ukutani," mama akatuambia sote, bila kumlaumu mtu. "Hizi wiki mbili tatu ndiyo limekimbia." Kisha akamuuliza mwanawe, "Una mvi?"

"Nina kipara, mama," mdogo wangu akajibu. Alikuwa analia na kujitia anacheka. "Muulize dada. Kila jioni ananicheka."

Mama akaishusha simu mapajani.

"Kila jioni?"

Mdogo wangu kule kwenye kioo alikuwa ameelewa. Jirani wakaanza kutazama mkeka.

"Nilikuwa naijaribu, mama," nikasema.

"Na ilikuwa inafanya kazi?"

"Ilikuwa inafanya kazi."

"Kule kwako."

"Ndiyo, mama. Kule kwangu."

Akageukia upande niliokuwa nimekaa, akanitafuta kwa lile jicho la kulia.

"Sasa mbona hukuja kunichukua?"