Mzee wa Reli Jikoni mwa Anyait

Mwaka wa tisini na mbili, Omagor alistaafu kazi ya reli akarudi kwake Amukura na sanduku la bati, saa ya mkononi, na mazoea ya kutazama moshi. Miaka yake ya mwanzo kazini, kabla injini za dizeli hazijaichukua njia yote mpaka Malaba, yeye ndiye aliyelisha moto wa garimoshi la mvuke. Dereva alitazama mbele, Omagor akatazama juu ya bomba. Moshi ukitoka mweusi, dereva alimfokea: "Unatupa mafuta angani, wewe!" Naye alipunguza mafuta, akaongeza hewa, mpaka bomba litoe kitu chembamba tu kama pumzi ya ng'ombe wakati wa baridi.

Sasa alikaa barazani bila kazi, na mbele yake jiko la mkewe likifuka moshi mlangoni, upenuni na katika kila tundu la nyasi. Miaka yote ile alikuja nyumbani kwa likizo tu, akala, akaondoka, wala hakuwahi kujiuliza chakula kimeivaje. Siku ya tisa uvumilivu ulimwisha. Aliinama akaingia jikoni.

Anyait, mkewe, alikuwa akikoroga maharagwe. Alimwangalia kama mtu aliyepotea njia.

"Umekosa nini huku, Baba Egwang?" Egwang alikuwa mtoto wao wa kwanza, karani huko Eldoret.

"Sijakosa kitu. Nataka kuona moto."

"Moto ndio huo. Umeshauona. Sasa toka, unanizibia mwanga."

Omagor hakutoka. Alichuchumaa karibu na mafiga matatu, machozi yakimtiririka, akainamisha kichwa huku na huku.

"Hizi kuni unazitoa wapi?"

"Nyuma ya mlima. Natoka asubuhi, narudi saa sita."

"Mara ngapi kwa wiki?"

"Mbili. Nikipika mahindi na maharagwe, tatu." Anyait aliweka mwiko chini. "Miaka thelathini hujaniuliza hayo. Leo kuna nini?"

Swali hilo lilimchoma Omagor. Alijibu lile alilolijua. "Huu moshi ni kuni, Mama Egwang. Ni kuni ambazo hazijaungua. Karibu nusu ya mzigo wako inatoka kwa mlango."

Anyait alipitisha mkono katika moshi, akaunusa. "Kwa hiyo nimekuwa nikibeba moshi kichwani," alisema polepole.

Tangu siku hiyo mzee aliingia jikoni kama mtu aliyeajiriwa upya. Alifunga kuni vifungu vifungu vilivyolingana, akavua saa akaitundika kwenye mwimo wa mlango, akangoja maji yachemke. Kuni mbichi, kuni kavu. Sufuria yenye kifuniko, sufuria wazi. Aligundua kwamba kifuniko peke yake kinaokoa vijiti vitatu, akafurahi siku nzima. Jirani yao Alaso, aliyekuja kuomba chumvi, alimkuta amelala kifudifudi akichungulia chini ya sufuria. Alimvuta Anyait kando.

"Mzee wako ni mzima?"

"Ni mzima. Anatazama moto."

"Anautafutia nini?"

"Hata mimi nataka kujua," Anyait alisema, na alikuwa akisema kweli.

Hatimaye Omagor alichimba udongo wa kichuguu, akaukanda na nyasi zilizokatwakatwa, akajenga jiko kama alivyoyajua matanuru: mdomo mmoja wa kuingizia kuni, tumbo refu, na bomba la bati lililopenya ukutani. Walilingoja wiki tatu likauke. Siku ya kuliwasha, moto ulinguruma kweli. Ndani hamkubaki hata uzi wa moshi. Omagor alisimama wima, kifua mbele, akiangalia saa.

Maji hayakuchemka. Vijiti viliingia, vikaisha, vikaingia vingine, na sufuria ilikuwa ikitoa vipovu vidogo tu. Kwenye mafiga ingekuwa imeshachemka zamani.

"Moto ni mzuri," mzee alinung'unika. "Sasa unaenda wapi?"

Anyait alizunguka nje, akagusa bomba, akarudisha mkono haraka. "Njoo ushike hapa! Unapikia ukuta, Baba Egwang. Moto wako unapita chini ya sufuria mbio, hausimami hata kusalimia."

Omagor alikaa juu ya gogo. Katika injini kulikuwa na mabomba mengi yaliyopita ndani ya maji, na moto haukuachwa uende kabla haujayagusa yote. Hapa palikuwa na sufuria moja, nayo ilikaa juu juu, pembeni pakiwa wazi. Alimweleza mkewe. Anyait alisikiliza mpaka mwisho, kisha akashika panga akaanza kubomoa.

"Wewe unajua moto," alisema. "Mimi najua sufuria. Sufuria iingie ndani ya jiko mpaka shingoni, nafasi ya kidole tu pembeni. Halafu ishikwe sawasawa. Nikisonga ugali wa wimbi natumia nguvu zote. Hili lako lingenimwagia miguuni."

Walijenga upya pamoja, yeye akipima kwa kidole na mzee akizibana njia za hewa. Lilipokauka, maji yalichemka kwa kifungu kimoja na vijiti viwili, wakati mafiga yalikuwa yakila vifungu vitatu. Omagor alirudia mara nne kwa sababu hakuamini. Anyait hakurudia. Ijumaa ile, siku yake ya kwenda kuni, alipanda kitandani mchana akalala mpaka akatosheka.

Alaso alikuja, akaingiza kichwa jikoni, akavuta pumzi. "Macho yangu hayawashi," alisema kwa mshangao, akataka na lake. Baada yake wakaja akina mama wa kanisani. Waliotaka jiko walimwendea Anyait; waliotaka maelezo walikalishwa barazani kwa mzee, nao walichelewa kutoka.

Mwezi wa pili mvua zilipokaribia, Anyait alishusha mbegu za mahindi alizotundika darini jikoni. Alipozipukusa, unga ulimmwagikia viganjani. Wadudu walikuwa wamezitoboa zote. Hapakuwahi kutokea jambo kama hilo tangu aolewe.

Alimwita mumewe akamwonyesha. Wote wawili walitazama juu, kwenye nyasi zilizoanza kupoteza masizi.

"Moshi ndio uliokuwa unazilinda," Anyait alisema. "Tumeufukuza."

Omagor hakukasirika. Alitoboa punje moja kwa kucha, akaileta karibu na jicho. "Mbegu zinataka moshi kiasi gani?" aliuliza. "Kila siku? Ama mara moja kwa wiki inatosha?"

"Nitajuaje? Sijawahi kuzinyima."

Anyait alikwenda kwa Alaso kuomba mbegu nyingine za kupanda. Aliporudi, alimkuta mzee nyuma ya nyumba akipanga mafiga matatu chini ya kibanda kitupu cha kuku, apate pa kufukizia mbegu, akichagua kuni zilizo mbichi zaidi. Alisimama kidogo, akacheka, akaketi kumwonyesha mti unaotoa moshi mwingi.