Manjano Yaliyopauka Juani

Kila unaponieleza kazi yako ya maabara, mwanangu, huikumbuka siku moja ya ujana wangu. Leo nitakusimulia, ingawa habari yenyewe hainipi sifa.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Biashara zilifunguliwa, na vitu tulivyokuwa tukivisikia tu vikaanza kushushwa Nangurukuru kutoka kwenye malori. Nilikuwa na kibanda kando ya barabara, na kule Miteja nilikuwa na shangazi yangu, Hadija, aliyejulikana kwa dawa yake ya vidonda. Alisaga manjano, akayachanganya na mafuta ya nazi na nta ya nyuki vikiwa vya moto, kisha akaviringisha vidonge vidogo kama punje za mbaazi. Alivitunza ndani ya chungu chenye mfuniko, mahali pasipoingia mwanga. Vilikuwa na rangi ya udongo, vinanuka nta. Mimi niliona ni ushamba.

Nikamwomba manjano yaliyosagwa tu, bila nta. Akaniuliza, "Utayaweka wapi?" Nikamjibu kwamba ninapo mahali pazuri. Niliyatia kwenye chupa za kioo, nikazipanga mbele ya kibanda, juani, ili rangi ing'ae na mpita njia aione tangu mbali. Kila aliyesimama nilimwambia hii ndiyo dawa ya Bi Hadija wa Miteja. Watu wakanunua.

Mmoja wao alikuwa mama wa makamo kutoka Likawage, jina lake Somoe. Mama yake mzazi alikuwa ameungua mkono akibangua korosho. Unajua mafuta ya yale maganda yanavyobabua. Baada ya kama majuma matatu Somoe akarudi. Nilitegemea matusi. Aliiweka chupa mezani taratibu, akasema, "Kaka, mimi nilikuja kwa jina la Bi Hadija. Mkono wa mama unaoza. Nieleze hii ni nini."

Nikafunga kibanda, nikaenda naye Miteja.

Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akatandika kitambaa cheupe, akasugua kidonge chake kimoja, na kando yake akasugua unga wangu aliouchanganya na mafuta. Kidonge kiliacha alama nzito kama kiini cha yai la kienyeji. Unga wangu uliacha doa hafifu, kama la chai ya jana.

"Umeyaweka juani," akasema.

"Ndiyo, shangazi."

"Nta uliyoiona uchafu, Shabani, ndiyo iliyokuwa ikiikinga dawa. Jua na hewa huiua. Wewe umeiacha ife, halafu ukaiuza kwa jina langu."

Hakupandisha sauti. Nilitamani angepandisha.

Asubuhi iliyofuata tukapanda lori sote watatu kwenda Likawage. Nilidhani shangazi atampaka bibi yule, mama wa Somoe, dawa yake, jina lake lisafike. Alifungua kidonda, akakitazama kwa muda mrefu, kisha akakifunika tena. "Hapa mimi sifiki," akasema. "Huyu ni wa hospitali."

Nilimbeba bibi mgongoni hadi kwenye lori. Hospitalini walimsafisha, wakamdunga sindano siku nyingi, na mkono ukabaki, ila vidole viwili havikukunjika tena. Nilipopiga magoti kumwomba radhi alinitazama, akasema, "Umenibeba mwenyewe, mjukuu wangu. Mwingine angesema hanijui." Alinisamehe kabla sijamaliza kusema. Nimezeeka na maneno yale, na bado namshukuru. Namshukuru pia Somoe, kwa kuwa angeweza kunitangaza sokoni, lakini alikuja kwangu kwanza. Na shangazi, aliyenichukua tena, akanifundisha kuchemsha nta kwa moto mdogo bila kunikumbusha kosa langu hata mara moja.

Sasa wewe umeniambia mnachukua kiini cha manjano mnakifungia ndani ya vitone vya mafuta vidogo hata jicho halivioni, ili kisiharibike kabla ya kufika kinapotakiwa. Nilinyamaza, ukadhani sijaelewa. Nilielewa, mwanangu. Nilikuwa nashukuru kwamba nimeishi mpaka nikayasikia haya kutoka kinywani mwako.

Basi nikuase. Watakaokuja kutaka dawa yenu ing'ae mapema dukani ni wengi, na maneno yao yatakuwa matamu. Usiitoe mpaka uwe umeijaribu na kuona nguvu yake ingali ndani. Aliyekuamini kwa jina la mwalimu wako amewaamini nyote wawili, kwa hiyo ukikosea mfuate mpaka kwake, usingoje akutafute. Na siku utakapoona dawa yako haifiki, useme haifiki; shangazi alisema hivyo mbele za watu, na hakupungukiwa na heshima.

Mungu aijalie mikono yako subira, akupe watu wa kukuambia kweli kwa upole, na moyo wa kuwasikiliza. Radhi yangu unayo. Na ya shangazi Hadija, ambaye hukuwahi kumwona, nakukabidhi kwa niaba yake.