Kocha Aliyekuja kwa Chepkoech

Chepkoech alimwandikia kocha wa kwanza akiwa darasa la kumi, na hakuna aliyemtuma. Alikuwa amewasikia wasichana wa shule nyingine wakizungumza kuhusu vyuo vya Amerika vinavyowalipia wanariadha masomo. Akarudi nyumbani North York, mtaa wa jiji la Toronto huko Kanada, akafungua kompyuta ya mama yake, akaanza kusoma. Alisoma hadi akajua masomo yapi yanahesabiwa kule na yapi hayahesabiwi, kocha anaruhusiwa lini kumpigia mwanafunzi simu, na video ya mbio iwe fupi kiasi gani ili mtu mwenye shughuli zake asichoke kuitazama.

Majibu mengi yalikuwa ya mashine. Mengine yalimkaribisha kwenye kambi za mazoezi ambazo mzazi ndiye angelipia. Hakuchoka. Kila alipokimbia vizuri zaidi ya mwanzo, aliandika tena, kwa adabu, akiweka muda wake mpya na jina la mwalimu wake wa riadha, Mwalimu Warren. Huyu alikuwa mzee Mgoa, wa asili ya Kihindi, aliyezaliwa Nairobi, na Kiswahili chake cha utotoni hakikuwa kimemtoka.

Mdogo wake, Mumbua, hakujua lolote katika hayo wala hakutaka kujua. Alikuwa nyuma yake kwa darasa moja. Mama yao, Katunge, alikuwa nesi katika makao ya wazee, na baba, Kipchirchir, aliendesha malori ya masafa marefu, wiki nyingi akawa huko magharibi mwa nchi. Mama hakupenda Mumbua akae peke yake nyumbani baada ya shule.

"Mfuate dadako mazoezini," alimwambia. "Hata ukikaa tu pembeni."

Mumbua akaenda kukaa pembeni, akachoka kukaa, akaanza kukimbia. Chepkoech ndiye aliyemfundisha jinsi ya kupumua kwenye mwinuko, jinsi ya kufunga viatu vya spaiki, vyenye meno chini, visilegee kwenye tope, na kwamba chapati hailiwi asubuhi ya mashindano. Siku hizo alijisikia vizuri kufuatwa. Aligeuka nyuma akamwona mdogo wake anakuja, kichwa kimeinama, mikono ikipepea ovyo, akacheka na kuongeza mwendo.

Alipoingia darasa la kumi na mbili, mmoja wa makocha wale alijibu kama binadamu. Aliitwa Shaun, wa chuo kimoja ng'ambo ya mpaka. Aliuliza anasoma nini, anapenda nini, na kama hali ya hewa ya Toronto haijamkomesha kukimbia. Wakaandikiana, kisha wakazungumza kwa simu, na mwezi wa kumi Kocha Shaun akasema atakuja kumtazama kwenye mashindano ya mbio za nyika. Katunge alipoambiwa, aliiacha sufuria jikoni, akampigia mumewe, na sauti ya Kipchirchir ikasikika sebuleni kote ikisema, "Mwambie asianze kwa kasi sana."

Siku ya mashindano mvua ilikuwa imenyesha na uwanja umegeuka tope. Chepkoech alianza vizuri. Alimwona kocha mapema, mtu mrefu mwenye koti la bluu, kasimama karibu na mwinuko wa mwisho na Mwalimu Warren. Akajiambia kwamba pale ndipo atakapojionyesha. Lakini walipoufikia mwinuko ule kwa mara ya pili, alisikia pumzi nyuma yake, pumzi anayoijua, ya mtu anayelala kitanda cha pili chumbani mwake.

"Twende," Mumbua akasema, kwa Kiswahili, akampita.

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anamwita. Chepkoech alijaribu kufuata na miguu ikakataa. Akaiona mikono ile, ambayo siku hizi haikupepea tena, ikipanda mlima na kupotea. Mumbua alimaliza wa tatu. Chepkoech alimaliza nyuma sana, na alipovuka mstari, mdogo wake alikuwa tayari amevaa koti, anakunywa maji, amechangamka kama aliyetoka kucheza.

Kocha Shaun alikuja akampa mkono. Alimsifu kwa moyo wake wa kupambana. Chepkoech alikwisha kusoma vya kutosha kujua makocha husema hivyo wanapokuwa hawana la kusema. Kisha kocha akauliza, "Yule aliyekuwa mbele yako, mnatumia jina moja la ukoo. Ni nduguyo?"

"Ni mdogo wangu," Chepkoech akajibu.

Jumamosi iliyofuata kocha alifika nyumbani kwao. Katunge alikuwa amepika tangu asubuhi: pilau, kuku, chapati, na muthokoi wa kwao Ukambani, mahindi ya kukoboa na maharagwe, ili mgeni asije akasema amekula vya kawaida. Alidhani kocha amekuja kwa Chepkoech. Hakuna aliyemwambia vingine, kwa sababu aliyejua kwamba kocha alimuulizia Mumbua ni Chepkoech peke yake, na yeye alikuwa bado anatumaini.

Kocha alikula, akashukuru, kisha akaweka mambo wazi. Kwa Chepkoech angeweza kutoa nafasi ya kujaribu kuingia kwenye timu, lakini bila ufadhili. Kwa Mumbua, akiendelea hivi mwaka mmoja zaidi, angependa kuzungumza kuhusu ufadhili kamili.

Katunge akamgeukia mtoto mmoja, kisha mwingine. "Huyu?" akauliza, akimwonyesha Mumbua kwa kijiko.

Mumbua aliangua kicheko cha kushtuka, akaziba mdomo. Chepkoech aliinuka kwenda kuleta chai, ingawa chai ilikuwa mezani. Jikoni alisimama akiitazama birika tupu. Wivu haukuwa mgeni kwake. Aliwahi kuwaonea gere wasichana wenye makocha wa kulipwa na wazazi wanaokuja kila shindano. Lakini huo ulikuwa wivu wa mbali. Huu ulikuwa na uso wa Mumbua, ulicheka kicheko cha Mumbua, na usiku ulilala hatua chache kutoka kwake ukikoroma.

Baada ya hapo kila kitu kilimchoma. Baba alipopiga simu, aliomba kuongea na Mumbua kwanza. Kanisani mama aliwaambia watu, "Huyu wangu anatafutwa na Amerika," akimshika Mumbua bega, kisha akakumbuka na kuongeza, "na huyu ni dadake." Chepkoech akatabasamu hadi mashavu yakauma. Hata Mwalimu Warren, ambaye alimpenda kama mjukuu, sasa alisimama na saa yake akipima mizunguko ya Mumbua.

Na Mumbua, asiyejua njia hata moja katika safari ile, alimjia dada yake kwa kila swali. Nimwandikie nini kocha? Hii video niikate wapi? Chepkoech alimsaidia nusunusu, kwa majibu mafupi, huku akijiambia kwamba yeye hakusaidiwa na mtu.

Mwezi wa kwanza Mumbua akaja na karatasi ya masomo ya muhula unaofuata. Hesabu zilikuwa zinamsumbua. Alitaka kuhamia hesabu nyepesi, zile za wasioelekea chuo kikuu.

"Nikihama nitapata muda wa kufanya mazoezi," akasema. "Unaonaje?"

Chepkoech alijua. Hesabu zile nyepesi chuo cha Kocha Shaun hakizihesabu. Msichana aliyezichukua angekuja kugundua mwaka wa mwisho kwamba mlango umefungwa, hata awe na miguu ya namna gani. Alikuwa amelisoma hilo zamani, ndiyo sababu yeye mwenyewe alizing'ang'ania hesabu ngumu huku akilia.

"Ni masomo yako," akasema bila kuinua macho. "Chagua unachotaka."

Mumbua akahama. Muhula ukaanza. Kwa siku kadhaa Chepkoech alibeba siri hiyo kama mtu aliyeficha kitu kitamu mdomoni, kisha utamu ukaisha na kitu chenyewe hakitemeki. Alijaribu kujiridhisha kwamba mshauri wa shule angeona, kwamba kocha angeuliza, kwamba si kazi yake. Mezani alimwona mama akimwongezea Mumbua nyama, na uchungu wa kuona hivyo ukamsaidia kunyamaza siku nyingine.

Siri ikamtoka siku ambayo hakuipanga. Walikuwa wanakimbia wawili katika njia ya bondeni, pembeni mwa mto, theluji imekandamizwa ikawa ngumu chini ya viatu. Mumbua alikuwa mbele. Kisha Chepkoech akaona kwamba pengo kati yao linapungua, ingawa yeye hakuongeza mwendo. Mdogo wake alikuwa anamsubiri.

"Usinipunguzie," Chepkoech akasema.

"Sijapunguza. Nimechoka tu."

"Mwongo. Hujachoka."

Mumbua akasimama, akageuka. "Basi nifanye nini? Nikikimbia unakasirika. Nikikungoja unakasirika. Umeninunia tangu yule kocha aje kwetu."

Hapo ndipo Chepkoech alipotaka kumuumiza. Alitafuta neno la kumshusha, na lililokuwa karibu zaidi ni lile alilolificha. "Unajua zile hesabu ulizohamia?" akasema. "Hazihesabiwi kule. Ukimaliza nazo, Shaun hawezi kukuchukua. Kimbia unavyotaka, huendi popote."

Alitazamia kuona uso ule ukibomoka, na kweli ulibomoka. Lakini Mumbua hakulia. Alisimama akipumua mvuke kwenye baridi, akifikiri.

"Ulijua siku ile nilipokuuliza?"

"Ndiyo."

"Na ukaniambia nichague ninachotaka."

Mumbua akageuka na kukimbia, safari hii kwa kasi yake yote, na dada yake akarudi nyumbani akitembea, jasho likimgandia mgongoni.

Kesho yake asubuhi Mumbua alikwenda kwa mshauri wa masomo kabla kengele haijalia. Nafasi ya kurudi kwenye hesabu ngumu ilikuwa bado ipo, ingawa ilikuwa karibu kufungwa. Akarudishwa. Kwa hasira yake Chepkoech alikuwa amemwokoa, na wote wawili walilijua hilo.

Kilichomshinda Chepkoech ni kwamba Mumbua hakumwambia mama. Chepkoech alingoja aitwe sebuleni. Kila Katunge alipotamka jina lake kwa sauti ya juu, alikwenda akitazamia kukemewa, kumbe anatumwa vitunguu. Wiki zikapita. Mumbua aliongea naye kuhusu choo kiko na mtu au la, na nani atazima taa, basi. Maswali kuhusu makocha sasa alimpelekea Mwalimu Warren. Chepkoech, aliyekuwa ameyachukia maswali yale, akagundua kwamba anayasikiliza kutoka upande wa pili wa uwanja na kuyajibu kimoyomoyo.

Majira ya kuchipua, theluji ilipoyeyuka, alipata nafasi katika chuo kikuu kimoja cha jimbo lao la Ontario, safari ya basi kutoka nyumbani. Kocha wa pale alimkubali kwenye timu, pasipo ahadi kubwa. Alikwenda. Alikimbia katikati ya kundi, si mbele wala mkiani, na alishangaa kuona kwamba anapenda kukimbia mahali ambapo hakuna anayejua ana mdogo.

Mwaka uliofuata Kocha Shaun alitimiza neno lake. Mumbua akapata ufadhili kamili, na mwezi wa nane Chepkoech akarudi nyumbani kumsuka kabla hajaondoka. Katunge alikuwa zamu. Mumbua alikaa sakafuni, mgongo kwenye magoti ya dada yake, na kwa muda mrefu kilichosikika ni kitana tu.

"Siku zile," Mumbua akasema, kwa Kiswahili, lugha aliyokuwa haitumii ila kwa mambo mazito, "ulitaka nikose kweli?"

Chepkoech aligawa nywele, akazibana. "Ndiyo."

"Na sasa?"

Angeweza kusema hapana. Ilikuwa rahisi, na Mumbua asingeona uso wake. "Sasa pia, siku nyingine," akasema. "Si kila siku."

Mumbua akainamisha kichwa mbele ili dada yake afikie nywele za kisogoni. "Nitawauliza nini wiki ya kwanza?" akasema. "Kuhusu mazoezi. Mwalimu Warren hajui mambo ya huko."

Wivu ukamchoma Chepkoech, kama ulivyozoea. Akazivuta nywele, akaanza msuko mwingine, akaanza kumweleza.